Sentensi Sitini za Baba

Baba yangu tulimzika Ijumaa. Miezi minne baadaye nikasikia watu wazima thelathini wakisoma kwa sauti kwamba amerudi nyumbani Jumapili asubuhi.

Sitanii. Nilikuwa nje ya dirisha la darasa, chaki mkononi.

Nafundisha Kiingereza kwenye chuo kidogo cha watu wazima. Madereva, wauguzi, mafundi. Nina mkataba wa mwaka mmoja, na kwenye vikao huwa nakaa karibu na mlango nikiomba nisiulizwe kitu.

Wanafunzi wangu walikuwa wanateswa na vile vineno vya wakati: at, on, in. Sisi tunasema "nitakuja Jumatatu saa mbili" na maisha yanaendelea. Kiingereza kinataka saa iwe na kineno chake, siku chake, mwezi chake.

Dereva mmoja akasema, "Mwalimu, hawa watu hata wakati wameugawia vyumba!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikaondoka na wazo.

Wakati huo baba alikuwa amelazwa. Nikawa nakaa kando ya kitanda chake na daftari, natunga zoezi. Sentensi sitini zinazofuatana, habari za mgonjwa mmoja. Mwezi wa tatu analazwa. Jumanne anapigwa picha ya kifua. Saa nne anakunywa uji na kumtania nesi.

"Leo umeniandika nini?" baba aliuliza.

"Umegoma kunywa dawa."

"Futa hiyo! Andika nilikunywa kishujaa."

Nikafuta.

Alifariki nikiwa sentensi ya hamsini na mbili.

Zile nane za mwisho niliziandika baada ya mazishi. Sikuweza kumzika mara ya pili. Nikamtibu taratibu, na kwenye ya sitini nikamrudisha nyumbani, Jumapili asubuhi.

Kisha Mkurugenzi akatangaza nafasi moja ya kudumu. Ataipata mwalimu wa mkataba atakayeleta kitabu cha mazoezi alichotunga mwenyewe.

Daftari nikampa mwenzangu, naye wa mkataba, mkubwa wetu sote kwa umri. Tunamwita Mama Mlezi, kwa jinsi anavyotupokea sisi wageni.

"Niachie, mwanangu. Nitakusomea makosa."

Sikutoa nakala. Nani anatoa nakala kabla ya kumwachia mama?

Wiki tatu kimya. Halafu lile dirisha, la darasa lake. Kitabu kimechapwa vizuri, jina lake juu.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikagonga mlango wa Mkurugenzi. Mama Mlezi akaitwa.

"Daftari lako liko wapi?" Mkurugenzi akaniuliza.

"Nilimpa yeye."

"Daftari gani tena, mwanangu?" Mama Mlezi alisema kwa upole, kama mtu anayenifuta machozi.

Nikatoa karata yangu ya mwisho. "Mgonjwa wa humo ni baba yangu. Siku zote hizo ni zake."

Mkurugenzi akafungua ukurasa wa mwisho. Akasoma. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Binti, msiba wenu tulikuja. Huyu wa kitabuni amepona."

Mama Mlezi akashusha pumzi. "Mume wangu alilazwa mwaka jana, mkuu. Mungu akanirudishia."

Na ni kweli. Namfahamu. Mzima wa afya.

Ningesemaje, mbele ya wale wawili, kwamba nilimponya baba kwa kalamu kwa sababu nilishindwa kumwacha aende? Nikaangalia viatu vyangu mpaka wakaniruhusu kutoka.

Nafasi akapewa yeye. Mimi nikapangiwa kukifundisha kitabu hichohicho hadi mkataba wangu uishe.

Juzi tukafika sentensi ya sitini. Wengine walipotoka, mama mmoja fundi cherehani akabaki.

"Mwalimu, huyu mzee alipona kweli?"

Nikaendelea kufuta ubao. "Alipona, mama."

"Afadhali. Nilikuwa nasoma huku namwombea."

Wewe unayesoma hapa, andika jina lako kwenye kazi yako kabla hujamwonyesha mtu yeyote, hasa anayekuita mwanangu. Kazi nimekosa, hilo nitalimeza. Lakini kila mwaka watu watamsoma baba yangu wakidhani ni mume wa mtu, na siku nilipopaswa kumtetea, nilinyamaza.