Makopo ya Mama Pasi

Mama Pasi hakuitwa hivyo bure. Kwa miaka ishirini alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba chake cha kupanga, na pasi ya mkaa ilikuwa imemwachia alama mikono yote miwili. Ndiyo maana alipanda mshubiri. Alianza na mche mmoja kwenye kopo la rangi, lakini mshubiri haujui uzazi wa mpango. Makopo yakajaa ngazini, ukuta mzima.

Mpangaji akiungua, alipiga hodi kwake. Masharti hayakubadilika: kwanza maji ya bomba mpaka moto utoke, ndipo akate jani na kupaka ute wake. Jeraha likiwa kubwa, alimfukuza mtu aende hospitali. Alisema yeye ni dobi, si daktari.

Siku moja msimamizi wa nyumba, aliyekaa ghorofa ya juu, akabandika tangazo: kila chumba kopo moja la mmea, mlangoni pake, atakayekaidi hadi Ijumaa, ahame. Kila mtu alijua mkuki unaelekezwa kwa nani. Mama Pasi alilisoma mara mbili, na lilimuuma, kwa kuwa chumba kile ndicho kilicholea wanawe. Jirani akamshauri aende akapige magoti. Akamjibu kwamba magoti yake yana kazi nyingine.

Sasa, dobi hutambua nguo kwa uzi. Kila mteja, wapangaji wenzake wakiwemo, ana rangi yake ya uzi, hushonwa pindoni mwa nguo ili suruali ya huyu isiende kwa yule. Alhamisi Mama Pasi alizitoa nyuzi zake, akafunga kila kopo uzi wa chumba kimoja, akapita mlango kwa mlango akiuliza nani anataka. Hakuna aliyekataa.

Ijumaa msimamizi alikuja na toroli, akakuta ngazi tupu. Akauliza makopo yako wapi.

"Langu hili hapa," Mama Pasi alisema. "Moja, mlangoni, kama ulivyoandika. Mengine waulize wenyewe."

Msimamizi akapanda ngazi kwa hasira, kila mlango una kopo, mpaka akafika mlangoni pake mwenyewe. Hapo palikuwa na kopo lenye uzi wa kijani. Aliinama, akalinyanyua. Mkewe akatoka, mkono una kovu la mvuke wa sufuria.

"Hilo ni langu," mkewe alisema. "Niliungua, ukaniambia nisikupigie kelele. Aliyenishika mkono ni yule unayetaka kumfukuza. Ukilitoa hilo, baba watoto, nitoe na mimi."

Wapangaji walikuwa wametoka wote milangoni, wakitazama waziwazi, hakuna aliyejifanya anafagia. Msimamizi alilirudisha kopo chini, taratibu, kwa mikono miwili.