Safari Isiyo ya Kukimbia

Mama yangu alinifunga mgongoni akakimbilia msituni, upande wa Kashebere, kabla sijajua kukaa. Baada ya hapo nilikimbia kwa miguu yangu mwenyewe, mara nyingi mno. Kwa hiyo bwana yangu, mkulima wa Ngungu, aliponiuliza baada ya ndoa nataka zawadi gani, nilimjibu bila kufikiri: nataka safari moja isiyo ya kukimbia. Na iwe ya kuvuka bahari, si ya kwenda sokoni Bweremana.

Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki.

Tulichagua Unguja, kwa sababu ni ng'ambo lakini inafikika kwa basi na meli. Kila Jumapili baada ya ibada tulipanda kilima nyuma ya shule, mahali pekee penye rezo ya simu ya uhakika, tukauliza bei. Bwana yangu ni bahili wa kuzaliwa, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa hilo. Aliuliza viti vya nyuma kabisa vya basi. Aliuliza chumba kisicho na kitanda, kisicho na chai ya asubuhi, mpaka mwenye chumba akaacha kujibu ujumbe na tukalazimika kumtafuta mwingine. Tuliuza maharagwe na viazi, tukauza hata nguruwe wangu niliyempenda, na pasipoti zikatoka.

Hatukumwambia mtu ila mama mkwe. Ukitangaza kwamba unaenda ng'ambo, kesho mlango wako umejaa watu wanaoagiza simu na viatu.

Kilichobaki ni chakula na malazi. Bwana yangu alisema tukila hotelini hatutakuwa na nauli ya kurudi, basi tubebe sufuria, unga wa muhogo na godoro letu la sponji. Nilifunga mzigo kwa muda mfupi tu, godoro limeviringishwa, chumvi ndani ya kitenge, sufuria juu. Mikono yangu haikuniuliza chochote.

Asubuhi tulipita katikati ya kijiji kuelekea kwa wenye pikipiki, mimi na mzigo kichwani, yeye na godoro begani. Hakuna aliyetusalimia. Mama anayeuza mandazi aliitazama sufuria, akalitazama godoro, akamwaga maji juu ya moto wake na kuanza kukusanya vyombo. Milango ikafunguka. Mbuzi wakafunguliwa kamba. Jirani yetu mmoja akatukimbilia akisukuma baiskeli iliyokwisha kupakiwa gunia.

"Papa, bamefika wapi?"

"Banani?" bwana yangu akauliza.

"Bale munakimbia!"

Hapo nikaelewa. Nilitua mzigo katikati ya barabara nikapiga kelele: "Hakuna vita! Tunaenda kutembea!"

"Na godoro?" mama wa mandazi akasema. "Mama, usitudanganye. Muntu hatembeake na godoro."

"Tunaenda kuangalia bahari. Njo hiyo tu."

Watu wakakasirika, na walikuwa na haki. Mzee mmoja alisema tupelekwe kwa chefu wa kijiji kwa kutia watu hofu. Kwa chefu unaingia asubuhi unatoka jioni, na mashua ya Goma isingetungoja Bweremana, wala basi. Niliona safari yangu inakufa pale pale, nikalia kwa hasira. Niliwaambia kwamba tangu mgongoni mwa mama sijawahi kuacha nyumba bila mtu kunifukuza. "Leo hakuna anayenifukuza," nikasema. "Muniache niende. Na mimi niko muntu!"

Mama wa mandazi ndiye aliyecheka kwanza. Alichukua sufuria yangu akaishika kwapani.

"Hii inabaki kwangu. Godoro nayo inabaki. Mutakula vya batu na mutalala vizuri. Nani iko na valizi?"

Valizi ililetwa, sanduku la safari ambalo gurudumu moja halipo. Wanawake waliipanga pale pale barabarani wakigombana nguo zikunjwe vipi, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuijaza. Unga ulirudishwa nyumbani, mandazi yakawekwa mahali pake. Yule mzee mwenyewe aliifunga valizi nyuma ya pikipiki kwa mpira, akiguna. Wakatusindikiza kwa vigelegele mpaka nyumba ya mwisho.

Tukiteremka kuelekea ziwani tulipishana na watu waliotoka shambani. Waliona mzigo wetu, wakasimama, wakauliza lile swali tunalowauliza siku zote wanaopita na mizigo: "Kule mulitoka iko namna gani?"

Bwana yangu alifungua kinywa. Nilimwahi.

"Kule iko muzuri!" nikapaza sauti. "Tutarudia!"

Sikuwahi kulisema neno hilo la kurudi nikiwa njiani. Nililisema kwa kila tuliyepishana naye, hadi Bweremana.