Siku ya Kuchoma Vyungu

Juzi sokoni Morogoro nilisikia mtu akiitwa fundi kwa kuziba ndoo, na ndoo yenyewe bado inavuja. Nilicheka, ndugu yangu, kisha nikaona uchungu. Neno hilo nililitafuta kwa bibi yangu utoto mzima.

Ilikuwa enzi za Mdachi, reli inajengwa kule bondeni, na vibarua wake walivipenda vyungu vya bibi kuliko vya mfinyanzi mwingine yeyote wa Uluguru. Alitufundisha wajukuu wawili, mimi na dada, mtoto wa mama mkubwa. Tulichimba udongo mtoni, tukautwanga, tukaukanda mpaka ugali nao ukawa unanukia tope mikononi. Bibi alikuwa bahili wa sifa. Ukianza kuelewa, alisema mkono umeanza kukubali. Ukizidi hapo, umeiva. Fundi alimwita marehemu mama yake tu.

Siku moja alikizungusha chungu cha dada, akapitisha kidole ukingoni, akasema dada ameiva. Changu alikitazama, akakiweka chini kimya. Sikufichi, nilimwonea dada wivu mpaka chakula kikanishinda. Niliomba chungu chake kipasukie motoni.

Na kwetu mwenye kijicho hakaribii moto wa vyungu, maana vitapasuka. Siku ya kuchoma, kabla ya kuwasha kuni, bibi alisema kama desturi yake, "Mwenye neno moyoni asogee kando."

Niliganda palepale. Majirani walikuwepo, na kuondoka kungekuwa kukiri. Mara nikamwona dada anainuka, anakwenda kusimama migombani. Bibi akamuuliza ana nini.

"Namwonea mwenzangu wivu, bibi," alisema. "Yeye analala na wewe, mimi nalala jikoni."

Bibi akainama kuwasha moto, akasema taratibu, "Yule ni fundi."

Vyungu vyote vilitoka vizima, cha dada na changu. Heri changu kingepasuka.

Siku hizi watu wanapikia sufuria, na pale mtoni udongo hauchimbwi tena. Bibi hayupo, dada naye tulimzika. Nimebaki mimi, na kijiji kizima kinaniita fundi. Naitika. Lakini kila wanaponiita namkumbuka dada kule migombani, na wivu unanishika upya.