Firigisi ya Pasaka

Wanaume wa kwetu walimpenda Yesu aliyenyamaza mbele ya Pilato. Huyo ndiye waliyetuhubiria sisi wanawake kila Pasaka ilipokaribia: hakufungua kinywa, basi nanyi fungeni vyenu. Mimi namkumbuka yule wa siku chache kabla, aliyepindua meza hekaluni na kujibizana na wakubwa mchana kweupe. Huyo ndiye ambaye mama yangu alikuja naye nyumbani.

Uhuru ulikuwa mpya. Bendera ilipepea kwa chifu, na wazee wa Shinyalu walituambia kwamba sasa kila mtu ni bwana wa nafsi yake. Kila mtu, labda, ila mjane. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mdogo wake alikuwa tayari amefunga fahali wake zizini mwetu. Desturi ilimtaka amrithi mama. Akishamrithi, shamba lingekuwa lake, nami niliyebakiza mwaka mmoja tu wa shule ningeozwa upesi ili ng'ombe wa mahari waende kwake. Wala hakuficha. Alinitazama kama mtu anayetazama mahindi yake yakikaribia kukauka, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Jumanne ya juma la mateso, mwalimu wa kanisa alitusomea habari za Masadukayo waliomwendea Yesu na kisa cha mwanamke aliyerithiwa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakafa. Walitaka kujua siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani. Wanaume kanisani wakacheka, na baba mdogo akawashinda wote kwa sauti. Yesu aliwajibu kwamba wamekosea, akasema mwalimu; wakifufuka, watu hawaoi wala hawaolewi. Kisha akaharakisha kueleza kwamba hayo ni mambo ya mbinguni tu.

Njiani mama alitembea kwa kasi hata nikamkimbilia.

"Saba!" alisema. "Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyo mama kama amechoka."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya Pasaka baba mdogo alikuja na wazee wawili wa ukoo. Mama alikuwa amechinja jogoo. Siku hizo kwetu mwanamke alipika kuku lakini hakumla, na firigisi, ambayo sisi huiita imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba. Mjane akimwandalia mwanamume imondo mbele ya wazee, amemkubali, maneno yamekwisha. Baba mdogo alinawa mikono polepole, akakaa kwenye kiti cha baba.

Akageuza paja. Akageuza bawa. Akatazama chini ya shingo.

"Shemeji, imondo iko wapi? Kuku hatembeanga bila imondo."

"Ilikuwako," mama akasema.

"Imeenda wapi?"

"Nimekula."

Mzee mmoja aliacha tonge la ugali njiani kuelekea mdomoni. Baba mdogo alisimama akifoka: mwanamke gani huyu, amerogwa, na leo ni siku ya Bwana!

"Bwana mwenyewe aliulizwa mwanamke ni wa nani," mama akamjibu. "Ulikuwa kanisani. Nilikusikia ukicheka. Sasa kaa umalize mchuzi, shemeji. Mgeni haondokanga na njaa kwangu."

Baba mdogo akawageukia wazee. Yule mkubwa wao alitafuna kwanza, akameza.

"Imondo huliwanga na mwenye nyumba," alisema. "Na imeshaliwa. Unataka tuseme nini?"

Fahali aliondoka jioni ile. Majirani walinong'ona kwamba mama angeota ndevu, nasi tulingoja tuzione. Mimi nikarudi shule.

Siku nilipomaliza, mama alichinja tena. Aliikata imondo vipande viwili, kimoja akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula," alisema. "Na ukiolewa, usisahau ladha yake."