Maksai wa Baba

Juzi basi lilisimama Shelui tupate chakula. Jirani yangu wa kiti alinisogezea sahani yake ya nyama, nikakataa.

"Dada, wewe Msabato?"

Harufu ya mafuta yakidondokea mkaa ilinirudisha nyumbani Ihanja, mchana ule tuliomzika baba, nikiwa bado mtoto mdogo. Asubuhi yake walimchinja maksai wake, yule aliyekuwa akimvutia plau. Sikushangaa. Nilidhani anatumwa amfuate baba, wakalime pamoja huko alikokwenda. Kisha masinia yakapita, ugali wa uwele na nyama, na watu wakala huku wakizungumzia mvua. Nikaona maksai anaisha kabla hajafika.

Shangazi alinitia kipande mkononi. "Kula, mwanangu. Hujala tangu jana."

Nilikifumba kiganjani mpaka kikapoa na mafuta yakagandia vidoleni. Nilifikiri nisipokila, angalau hicho kitafika.

Siku hizi najua maksai alichinjwa kwa sababu wageni walikuwa wengi, na hapakuwa na ng'ombe mwingine. Nyama bado sili.

"Ndiyo," nilimjibu jirani yangu, "mimi Msabato."

Akaivuta sahani yake, akaendelea kula.