Uji wa Ukwaju

Nina kifafa tangu utotoni, na kazi yangu ni kukaanga samaki hapa Kisian, kando ya barabara ya Busia. Kifafa na karai la mafuta ya moto, hebu fikiria! Ni vidonge tu vilivyokuwa vinanizuia nisianguke.

Nilipopata mimba, daktari mmoja wa Kisumu alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Ubongo wa mtoto akiwa tumboni hutengeneza seli nyingi kupita kiasi, kisha zile za ziada hufa zenyewe, kimyakimya, kwa utaratibu. Nikamwambia ni kama miche ya sukuma wiki: unamwaga mbegu nyingi, ikiota unang'oa mingine, inabaki ya kutosha. Akacheka, akasema ndiyo. Halafu akaacha kucheka. Vidonge vyangu, akasema, vinaweza kuua hata zile zilizotakiwa kubaki. "Usiache ghafla. Rudi wiki ijayo tukubadilishie."

Sikurudi. Nani angemeza kitu kama hicho wiki nzima? Mama mkwe, ambaye naishi naye boma moja, nilimpa ile chupa akaitupe chooni.

Mwezi haukuisha, nikaangukia jiko. Mkono huu wa kushoto haunyooki vizuri hadi leo. Baada ya hapo sikuanguka tena hata mara moja. Nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu ameniponya, watu wakapiga makofi, mama mkwe akainamisha kichwa. Nilidhani anaomba. Kila asubuhi aliniletea uji wa wimbi wenye ukwaju, mchachu wa kukunja uso, na hakuondoka mpaka nimalize. Nikawa najisifu kwa majirani: mama mkwe wa namna hii mtampata wapi?

Msichana wangu alifika miaka mitatu bila kumwita mtu, hata mama. Tulimpeleka kwa daktari yule yule, mimi na mama mkwe. Akaniuliza kama nilimeza vile vidonge nikiwa mjamzito.

"Hata kimoja!" nikasema, kwa kiburi kabisa.

Mama mkwe akaanza kulia. "Nyathina, mwanangu, ulikuwa unaungua. Nilivisaga nikavitia kwenye uji. Vilipoisha nikanunua vingine."

Daktari alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba ni vidonge. Pengine mtoto angekuwa hivi hivi. Pengine! Hilo neno nilifanyie nini? Nilimtukana yule mama njia nzima, mbele ya watu, kwa maneno ambayo mke wa mtu hamtamkii mama mkwe wake. Yeye alikuwa amemkumbatia mtoto.

Sijamsamehe, na sitadanganya kwamba nimemsamehe. Lakini vidonge nimevirudia, na uji bado ananiletea yeye. Siku hizi kidonge anakiweka mezani, nikione. Nakimeza. Binti yangu, mapajani mwa bibi yake, anatutazama sote wawili, na hamwiti yeyote.