Kalamu Isiyo na Wino

Nesi wa zahanati mpya ya binafsi hapa Newala, kabla ya kuandika, huisugua kalamu viganjani na kuipulizia ncha, kama tufanyavyo wote huku juu asubuhi za baridi wino unapoganda. Kalamu waliyompa sasa haina wino, inaandika juu ya kioo cha kompyuta ndogo, na yeye bado anaipulizia. Akiegemeza mkono, kioo kinajaa michirizi. Akiuinua, herufi zinayumba kama za mtoto wa darasa la kwanza. Anafuta, anaandika, anafuta tena, huku akitubembeleza sisi wagonjwa: "Subirini kidogo, wazazi wangu." Mwisho anatugeuzia mgongo, anainamia kabati kana kwamba anatafuta kitu, kisha anarudi na kuturuhusu kuondoka.

Siku niliyompeleka baba ilikuwa hivyohivyo. Baba aliponyoosha mkono kuaga, nesi aliuficha wake mfukoni. Baba akaurudisha mkono, akaufuta kwenye shati, akatazama chini. "Samahani, mwanangu. Nimesahau kwamba nakohoa."

"Si hivyo, baba!" Machozi yalimlengalenga nesi. Akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa wino wa biki: jina la baba, umri wake, kikohozi cha mwezi mzima. "Kile kioo hakinisomi. Nanakili baadaye, nikiwa peke yangu. Naona aibu kuwaambia wakubwa."

Baba akamshika kwenye kifundo cha mkono, taratibu, asije akafuta jina lake mwenyewe.